Banda la Kenya kule Venice: kisa cha maonyesho yaliyoandaliwa bila mazungumzo

Orodha yenyewe ilikuwa fupi. Ilitaja wasanii ambao wangeiwakilisha Kenya kwenye Biennale ya 56 ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa ya kila miaka miwili kule Italia, mwaka 2015. Qin Feng, Shi Jinsong, Li Zhanyang, Lan Zheng Hui, Li Gang na kikundi cha Double Fly Art Center, wote kutoka China. Armando Tanzini, Mwitaliano aliyeishi Malindi miaka mingi. Halafu Mkenya mmoja, Yvonne Apiyo Braendle-Amolo, mwenye makazi Uswisi. Kyureta, yaani mwandaaji wa maonyesho, alikuwa Mwitaliano, Sandro Orlandi Stagl, na kamishna wa banda, Paola Poponi, Mwitaliano pia. Maonyesho yalipewa jina "Creating Identities", yaani kuunda utambulisho.

Msanii wa Nairobi aliyeisoma orodha ile alitafuta jina la mwenzake hata mmoja anayefanya kazi kwenye vituo vya sanaa vya Kuona, GoDown au Banana Hill. Hakuliona. Watu walikasirika, na kelele zikafika mbali. Magazeti ya Ulaya yaliandika zaidi kuhusu Wachina, kwa kuwa hilo ndilo lililowashangaza wasomaji wao. Kwangu mimi pasipoti za wale wasanii hazikuwa kiini cha kosa. Banda lile liliandaliwa bila mtu yeyote kukaa chini na wasanii wa nchi ambayo jina lake lilibandikwa mlangoni. Nataka kukieleza kisa hiki tangu mwanzo, kwa sababu kila nchi yetu inayoanza safari ya Venice inapita njia hiyohiyo.

Kwanza, banda ni nini. Aliyewahi kwenda Sabasaba pale Dar es Salaam au maonyesho ya kilimo ya Nairobi anaelewa: kila wizara, kila kampuni na kila nchi ina banda lake, na ukiingia unakutana na kile walichoamua kukuonyesha. Biennale ya Venice ilianzishwa mwaka 1895 na imejengwa juu ya mtindo huo. Kuna maonyesho makuu yanayosimamiwa na kyureta mmoja aliyeteuliwa, na pembeni yake kuna mabanda ya mataifa. Nchi zilizowahi mapema zilijenga majengo yao kwenye bustani ya Giardini. Zilizochelewa, na nchi za Afrika karibu zote zimo humo, hukodi kumbi, majumba ya kale au shule mjini. Nchi hubeba gharama zake yenyewe. Serikali humteua kamishna, na sahihi yake ndiyo inayolifanya banda kuwa la taifa.

Sahihi hiyo naomba msomaji aikumbuke.

Mwaka 2015 haukuwa wa kwanza. Kenya iliingia Venice mara ya kwanza mwaka 2013, na timu ilikuwa ileile ya Orlandi na Poponi. Safari ile Wakenya kwa kuzaliwa walikuwa wawili, Kivuthi Mbuno na Chrispus Wangombe Wachira. Tanzini alikuwepo, na sehemu kubwa iliyobaki ilijazwa na wasanii wa China. Mbuno, aliyezaliwa mwaka 1947 na kupata kuwa mpishi kwenye safari za wawindaji, huchora kwa kalamu za rangi watu na wanyama wenye miili mirefu iliyopinda, kwa umakini ambao sijauona kwa mwingine. Kazi yake ilistahili kufika Venice. Ila ilifika pasipo majirani. Hakukuwa na kazi nyingine ya kumsaidia mtazamaji aelewe picha zile zinatoka kwenye mazungumzo gani, zinamjibu nani, na nani Nairobi alijifunza kwa kuzitazama. Msanii wa namna hiyo akiwekwa peke yake kati ya wageni anabaki kuwa pambo la kuthibitisha kwamba banda ni la Kenya.

Mwaka huohuo wa 2013 Angola nayo iliingia Venice kwa mara ya kwanza, na ikaondoka na tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa banda bora la taifa. Haikuwa imewahi kutokea kwa nchi ya Afrika. Banda lao lilikuwa na msanii mmoja, mpiga picha Edson Chagas. Kazi yake ilikuwa picha za vitu vilivyotupwa mitaani Luanda, kiti kilichovunjika, chupa, gunia, vitu ambavyo alivihamisha kidogo, akaviegemeza kwenye ukuta uliomfaa, kisha akavipiga picha. Kule Venice picha hizo zilichapishwa kama mabango makubwa na kupangwa marundo sakafuni, ndani ya jumba la kale la Palazzo Cini ambalo kuta zake zimejaa michoro ya kidini ya karne nyingi zilizopita. Mgeni aliruhusiwa kuchukua. Aliingia mikono mitupu akatoka na Luanda kwapani.

Na makyureta wao? Paula Nascimento, mbunifu majengo wa Angola, pamoja na Stefano Rabolli Pansera, Mwitaliano. Hapo ndipo hoja ya "wageni wametuvamia" inapopungua nguvu. Mgeni alikuwepo Angola kama alivyokuwepo Kenya. Ila huwezi kuyaweka yale marundo sakafuni bila watu kubishana kwanza: tuzitundike au tuzilaze? Ziguswe au zisiguswe? Zishindane na michoro ya ukutani au ziiache itawale juu, nazo zitawale chini? Umbo la onyesho zima lilikuwa jibu la maswali ambayo kyureta na msanii huulizana. Kwenye banda la Kenya ukitafuta dalili ya swali la namna hiyo unatoka mtupu.

Niseme kidogo kuhusu neno lenyewe, maana Kiswahili bado hakijatulia hapa. Makumbusho yetu yana mhifadhi, ambaye anatunza vitu visiharibike. Magazeti huandika msimamizi wa maonyesho, au mratibu. Kwenye studio watu husema kyureta, na mimi nafuata hilo, kwa sababu msimamizi humfanya mtu aonekane kama nyapara na mratibu humfanya aonekane kama karani. Kazi yenyewe iko mahali pengine. Kyureta ni mtu anayekuja studio, anakaa kwenye kiti cha plastiki kilichojaa rangi, anatazama turubai zilizogeuzwa ukutani na kuomba zigeuzwe. Anauliza hii ilianzaje. Anauliza kwa nini hii imeachwa nusu. Msanii naye anamuuliza: unataka kuiweka wapi, karibu na ya nani, nani atalipia usafiri, na mkaguzi wa forodha akifungua sanduku nani atamweleza kwamba hiki si chuma chakavu? Mazungumzo hayo huweza kuchukua miezi. Yakienda vizuri, pande zote mbili huwa na nafasi ya kusema hapana. Msanii anaweza kuiondoa kazi. Kyureta anaweza kukataa kazi anayoipenda msanii kuliko zote. Pasipo uwezo huo wa kukataa, kinachofanyika ni kutoa taarifa tu.

Chukua kazi za Peterson Kamwathi, ambaye baadaye alikuja kwenda Venice. Ni michoro mikubwa ya makaa, na mingine ina watu waliopanga foleni, wamesimama, hawana haraka, nawe hujui wanasubiri kura, chakula au ukaguzi. Mkenya aliyeishi uchaguzi wa Desemba 2007 na yaliyofuata hahitaji kuelezwa foleni ile ni ipi. Mtu wa Venice anahitaji. Je, aelezwe kwa maandishi ukutani, au aachwe asimame mbele ya karatasi mpaka ajihisi yumo kwenye foleni? Halafu kuna jambo la kawaida kabisa: makaa hushika vidole na huchafuka yakiguswa, na Venice ni mji wa majini wenye unyevu. Ukiweka kioo mbele, mtazamaji anajiona yeye mwenyewe badala ya foleni. Usipoweka kioo, unaihatarisha karatasi. Swali la kioo na swali la historia ni swali moja, na hakuna mtu mmoja anayeweza kulijibu peke yake, awe msanii au kyureta.

Turudi 2015. Wasanii na wadau wa Nairobi waliandika ombi la wazi kwa serikali. Kilichonivutia ni kwamba ombi lile lilikuwa na sehemu mbili. La kwanza, serikali iukane uwakilishi ule, nao waliuita wa ulaghai. La pili, serikali iahidi kusaidia kupatikana kwa banda la kweli mwaka 2017. Hawakuishia kulalamika. Walikuwa tayari wanaizungumzia miaka miwili mbele. Michael Soi, mchoraji ambaye tayari alikuwa anajulikana kwa picha zake kuhusu China na Afrika, aliifanya aibu ya Venice kuwa mfululizo wa picha. Nayo ni njia ya kuzungumza: mlango wa mbele ukifungwa, msanii hujibu kwa turubai.

Waziri aliyehusika na utamaduni wakati ule, Hassan Wario, alijitenga na banda lile, na Kenya haikuonekana tena kwenye orodha ya mataifa ya mwaka huo. Haikuwa peke yake iliyojiondoa. Costa Rica nayo ilijitoa mwaka uleule, baada ya banda lake kuandamwa na lawama zinazofanana.

Lakini kuna jambo ambalo siwezi kulipita. Banda la taifa haliwezi kuwepo pasipo kibali cha taifa. Mwaka 2013 jina la Kenya lilipandishwa ukutani Venice na hakuna ofisi ya umma iliyokwenda studio hata moja kuuliza. Mwaka 2015 lilikaribia kupandishwa tena. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 11, inautambua utamaduni kama msingi wa taifa na kuipa serikali wajibu wa kuendeleza sanaa. Wajibu huo hautimizwi kwa kumkabidhi mtu jina la nchi na kumtakia safari njema. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kyureta aliyepewa ngozi na hakuna aliyeshika upande wa pili ataivutia kwa watu anaowajua, na watu aliowajua yeye walikuwa wengine. Lawama kubwa naiweka kwa aliyeiachia ngozi.

Mwaka huohuo wa 2015, ndani ya maonyesho makuu, kyureta alikuwa Okwui Enwezor, mzaliwa wa Nigeria, wa kwanza kutoka bara letu kupewa kazi hiyo. Humo alikuwemo Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi. Moja ya kazi zake ilikuwa video ya mwanamke anayetembea kuvuka uwanda akiwa na kikapu kichwani. Mzigo unaongezeka kila hatua, vitu vinarundikana juu ya vitu, mgongo unainama, hadi mwisho wa njia. Kwa hiyo mwaka ambao Kenya haikuwa na banda, Mkenya alikuwa katikati ya Venice. Alifika huko kwa sababu kati yake na kyureta kulikuwa na kuaminiana katika kazi. Bendera haikuhitajika.

Na hapa pana ugumu ambao sisi tuliokasirika mwaka 2015 hatukuutazama vya kutosha. Mkenya ni nani, kwa upande wa sanaa? Braendle-Amolo alikuwa Mkenya, lakini kelele zile zilimpita kana kwamba hayupo. Alifutwa pamoja na wengine kwa sababu anaishi Uswisi na hatukumjua. Miaka miwili baadaye, banda ambalo wote tulilishangilia lilikuwa na Arlene Wandera, ambaye makazi yake ni London, na Mwangi Hutter, jina moja la wasanii wawili, Ingrid Mwangi na Robert Hutter, mmoja wao Mjerumani asiye na asili ya Kenya. Hakuna aliyelalamika, na sioni kwa nini angelalamika. Ila ni lazima tukubali kwamba kipimo chetu hakikuwa damu wala anwani. Kipimo kilikuwa kama kazi hizi zilichaguliwa na mtu anayetujua, mbele yetu, kwa sababu tunayoweza kuisikia na kuibishia.

Banda hilo la 2017 liliitwa "Another Country", nchi nyingine. Kyureta wake alikuwa Jimmy Ogonga, ambaye naye ni msanii na alikuwa amefanya kazi ndani ya sanaa ya Nairobi kwa miaka mingi. Pamoja na hao niliowataja walikuwemo Kamwathi, Paul Onditi na Richard Kimathi. Walionyesha kwenye jengo la shule kisiwani Giudecca, mbali na msongamano wa Giardini. Ahadi iliyoombwa mwaka 2015 ilitimia nusu: jina la serikali lilikuwepo, fedha za serikali zilizotarajiwa hazikufika. Banda lilisimama kwa jasho la watu wenyewe.

Jambo hili linaniuma, na ndilo ninaloliona limesahauliwa katika simulizi ya ushindi. Tulisema tunataka mazungumzo, tukayapata. Kyureta alikuwa wetu, wasanii walikuwa wetu, hoja zilikuwa za kweli. Lakini mazungumzo yasiyo na bajeti humgeuza kyureta kuwa mtafuta fedha na msanii kuwa mpagazi wa kazi yake mwenyewe. Badala ya kubishana kuhusu kioo mbele ya makaa, mnabishana nani atalipia kreti. Na banda lisilo na fedha ya umma daima liko hatua moja tu mbali na kurudi 2013, kwa sababu mwenye fedha akitokea atakuja na watu wake, na aliyechoka kuhangaika atashindwa kumkatalia.

Mwaka 2022 Ogonga alirudi na banda lingine na kulipa jina "Exercises in Conversation", mazoezi ya mazungumzo. Sidhani jina hilo lilikuja kwa bahati. Wasanii walikuwa wanne: Dickens Otieno, Syowia Kyambi, Kaloki Nyamai na Wanja Kimani.

Otieno hufuma makopo. Anakusanya makopo ya alumini ya soda na bia, anayakata vipande vyembamba kama ukindu, kisha anavipitisha kwenye wavu wa waya, juu na chini, kama mtu anayesuka mkeka. Amekulia kwenye kazi ya ushonaji ya mamake, na inaonekana: matokeo yake hukaa kama kitambaa, yana mikunjo, yana mabega, mengine yanakaribia kuwa nguo. Ukisimama mbali unaona kanga au shuka inayong'aa. Ukisogea unaanza kusoma herufi zilizokatwakatwa, rangi ya kinywaji unachokijua, nusu ya nembo. Hakuna njia moja sahihi ya kuonyesha kitu hiki. Kikitundikwa bapa ukutani kinakuwa mchoro. Kikining'inizwa kutoka darini kinakuwa nguo iliyoanikwa. Kikiachwa kianguke sakafuni kinarudi karibu na taka kilikotoka. Kila uamuzi hubadilisha kazi, na kila uamuzi unahitaji watu wawili chumbani.

Nyamai hushona turubai zake, kihalisi, kwa uzi, juu ya hadithi za Wakamba alizosimuliwa na bibi yake. Kyambi ana mhusika wake, Kaspale, mjanja wa kuvaa kinyago anayejipenyeza kwenye nyaraka za kikoloni na kuzivuruga. Ukiwaweka hawa pamoja na Otieno unaona kwamba mtu aliyewachagua alisikiliza: kushona, kufuma, kuchana, kuunga upya. Hakuna aliyehitaji kuandika neno utambulisho mlangoni.

Mwaka huohuo Uganda iliingia kwa mara ya kwanza, na Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, chini ya kyureta Shaheen Merali, wakapata tuzo ya kutajwa kwa heshima. Kerunen hutumia ukili, katani na gome la mti, na sehemu kubwa ya ufumaji hufanywa na wanawake mafundi anaoshirikiana nao, kwa hiyo kwake mazungumzo huanza hata kabla ya kyureta kugonga mlango.

Tanzania ilifika mwaka 2024, nayo mara ya kwanza, na wasanii wanne: Haji Chilonga, Lute Mwakisopile, Happy Robert na Naby. Kyureta alikuwa Mwitaliano, Enrico Bittoto. Baada ya yote niliyoeleza, msomaji ataona kwa nini sikimbilii kulaani wala kushangilia nikisikia hilo. Wasanii wetu walikuwemo, na hiyo ni tofauti kubwa na Kenya ya 2013. Maswali ninayotaka kuwauliza wanne hao ni mengine. Alikuja studio mara ngapi? Kazi ipi mlitaka iende ikakataliwa, na kwa sababu gani? Kuna lolote mlilomkatalia ninyi? Maandishi ya ukutani mliyasoma kabla hayajachapwa? Wizara ilikuwa na mtu wake chumbani, au sahihi tu? Majibu yake yangewasaidia wasanii walioko leo kwenye kituo cha sanaa cha Nafasi, Dar es Salaam, ambao mmoja wao huenda ndiye atakayepigiwa simu kwa safari ijayo, na ambaye itampasa kujua, kabla hajageuza turubai zake, mgeni huyu amekuja kuchagua au amekuja kuzungumza.